Kiti cha Kulia cha Opel

Gregori Massawe ni fundi wa lifti katika majengo ya ofisi huko Arlington, Marekani, mtu wa kawaida asiye na makuu. Lakini nyumbani kwake Wheaton ana gari ambalo wapita njia husimama kulitazama: Opel GT nyekundu, fupi, imelala chini kama paka anayevizia panya.

Gari la aina hiyo lilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1968. Waliolibuni walichukua vyuma vya Kadett, gari la kawaida la familia, wakavivika umbo la gari la mashindano, ili karani na mwalimu nao waonje raha ya matajiri. Taa zake za mbele hazifunguliwi na mota. Dereva huvuta mkono wa chuma karibu na gia, nazo zikabingirika zote mbili kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla. Buti halina mlango, mzigo hupitishwa nyuma ya viti. Yalitengenezwa zaidi ya laki moja, mengi yakaletwa Marekani, na mwaka 1973 yakakoma. Viti ni viwili tu, cha dereva kushoto na cha abiria kulia, na hapo ndipo yalipoanzia yote.

Utotoni, karibu na Moshi, Gregori alikuwa akimsindikiza kwa miguu mama yake, Benadetha, muuguzi wa hospitali ya misheni. Daktari Mjerumani alikuwa akiwapita na Opel kama hiyo, na kwenye kiti cha pili amekaa mbwa. Siku moja mama alikung'uta vumbi kwenye gauni lake jeupe, akacheka. "Iko siku na mimi nitakikalia kile kiti." Mama alitania, mtoto akaweka nadhiri.

Ukubwani aliikuta Opel imeoza katika gereji ya mjane mmoja wa Greenbelt, akainunua, akaifufua taratibu, Jumamosi kwa Jumamosi. Kwao mtu akipata gari, mzazi ndiye hupandishwa kwanza. Gregori akaishika desturi hiyo kwa meno. Mkewe, Ghati, aliponyoosha mkono kufungua mlango wa kulia, aliambiwa asubiri kidogo, mama yuko njiani. Mama aliomba viza, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa. Nailoni aliyokifunikia kile kiti kisichafuke haikutolewa. Ghati akaendelea na gari kuukuu la familia, lile linalobeba nusu ya waumini wa misa ya Kiswahili, wazee, masufuria na ngoma za kwaya. Mutai, Mkenya wa jumuiya yao, alimtania Gregori nje ya kanisa: "Buda, hiyo gari ni yako na malaika wako tu?" Watu wakacheka. Ghati hakucheka.

Nadhiri ni kitu cha kuheshimiwa. Lakini mtu hana haki ya kuweka nadhiri yake kisha gharama akaibeba mwingine.

Mwaka huu mama alinyimwa tena, akasema basi, magoti yamechoka kupanga foleni, haombi tena. Gregori akashindwa kujizuia. Akamweleza kwenye simu habari za kiti. Mama akacheka, kicheko kikakatika upesi.

"Gregori, kile nilishakikalia. Daktari alinipeleka kwa mama aliyekwama na uchungu kule juu mlimani, mbwa akalala miguuni kwangu. Kushuka, nikajigonga kichwa. Mkeo amekipenda?"

Akajibu kwamba hajakikalia.

"Miaka yote hiyo? Mwanangu, mimi nilikufundisha hivyo?"

Jumamosi iliyofuata Gregori alilitoa gari nje, akaling'arisha, akachana nailoni, akaingia jikoni Ghati akipangusa sahani. "Mama Elieth, twende tukazunguke kidogo."

Ghati alimtazama, kisha akatazama dirishani, mlango wa kulia ukiwa wazi.

"Mama amekataa, ndiyo zamu yangu ikafika?"

Hakupaza sauti. Alimweleza, huku akiendelea kupangusa, kwamba mwanzoni kila Jumamosi alikuwa akivaa vizuri, akisimama pale dirishani akingoja kuitwa. Baadaye hamu ikamtoka, kama njaa inavyomtoka aliyekaa sana bila kula. Hana kinyongo, alisema. Hasikii hamu tu.

Gregori aliomba msamaha, na Ghati akamsamehe siku ileile, maana ni mwanamke mwenye moyo. Lakini msamaha haurudishi hamu.

Sasa kila Jumapili kabla ya misa, Gregori huiwasha Opel, huufungua mlango wa kulia, husimama kando. Ghati hupita na sufuria ya pilau, humwambia kwa upole, "Leo bado, Baba Elieth," akaingia kwenye gari la familia. Gregori huzima injini, hufunga mlango taratibu usije ukapiga kelele, kisha huenda kuketi humo alimo Ghati, nyuma kabisa, na ngoma magotini, akikitazama kisogo cha mkewe njia nzima.