Guruguru wa Baba Yako na Choo Nilichoona Haya Kukibeba

Nakumbuka Jumatano ile nilipofungua sanduku la guruguru nikakuta choo chake kimekuwa majimaji, kina utelezi na damu, na ndani yake vijinyoo vyeupe vinajinyonganyonga. Mwanangu, guruguru yule alikuwa wa baba yako. Wewe ulikuwa bado mchanga. Baba yako alimwokota shambani Vitengeni, mjusi mnene mwenye koo la manjano, akamlea mpaka akawa anakula mkononi mwake. Alipokwenda Uarabuni kufanya kazi alinikabidhi mimi, dada yake mwenye digrii. Akaniambia, "Huyu ni amana."

Nami, kama unijuavyo, jambo dogo hulizungusha kichwani mpaka liwe mlima. Siku tatu nzima nilisoma kwenye simu na kuandika. Nikajaza kurasa sita: amekula mende wangapi, mkia umekonda kiasi gani, macho yameanza lini kuingia ndani.

Hawe Kadzo, bibi yetu, alinitazama akatikisa kichwa. "Tia kinyesi chake koponi, umpelekee daktari wa mifugo pale Gede. Basi."

Nilikwenda, lakini bila kopo. Niliona haya. Je, nikikutana na niliosoma nao pale stejini pa matatu, mhitimu mzima nimebeba mavi ya mjusi?

Daktari, mama mkavu wa maneno, alizipitia kurasa zangu zote kisha akanirudishia.

"Dada, humu mna kila kitu ila mavi. Minyoo ni ya aina nyingi, na dawa si moja. Niletee kesho yangali mabichi. Na mchanga wa sandukuni umwage wote, maana humo ndimo anamojiambukiza upya."

"Kesho nitaleta," nikasema.

Sikuleta. Nilikwenda duka la dawa za mifugo, ambako hakuna aliyeniuliza neno, nikanunua dawa ya minyoo ya mbuzi. Kipimo nilikikisia. Nilipomnywesha, nyingine ilimtoka mdomoni, nami nikaanza: imeingia? Imetosha? Na kama haikutosha? Nikampa tena.

Alasiri miguu ilianza kumtetemeka. Akafumbua kinywa, akabaki vivyo hivyo. Alikufa polepole, mwanangu, nami nimechutama kando yake nikipekua simu, kana kwamba jibu lingetoka humo.

Hawe alikuja na jembe. Hakunipigia kelele, heri angenipigia.

"Hukuogopa guruguru afe," alisema. "Uliogopa kuchekwa."

"Hawe, nilifikiri sana..."

"Ulijifikiria wewe. Masikio ya kenge hayasikii mpaka yatoke damu. Na wewe damu uliiona tangu Jumatano."

Ijumaa ya wiki iliyofuata baba yako alipiga simu. "Guruguru wangu hajambo?" Uongo ulikuwa umeshafika ulimini, lakini nilimwambia kweli yote. Nikawa nasikia mashine za kazini kwake. Kisha akasema, "Haya, dada," akakata. Hajaniuliza tena habari za mnyama yule. Wala hajanikabidhi tena kitu chake chochote, hata ufunguo wa nyumba.

Wewe nawe ni mtu wa haya, nakuona. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ya asiyeweza kusema, naye ndiye aliyekufa. Basi chochote ulichokabidhiwa kikiugua, kiwe mnyama, mtu, au mwili wako mwenyewe, mwendee anayejua siku hiyo hiyo. Mpelekee kile kichafu chenyewe, usimpelekee maelezo mazuri. Akikwambia fanya hivi, fanya hivyo, na ukiwa hujui kipimo, zuia mkono wako. Kuwaza sana si kutunza. Mimi niliwaza kuliko wote nyumbani, na ni mimi niliyeua.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema sijui, na mikono isiyoona haya. Na kila atakayekuachia kiumbe chake, arudi akikute kingali kinapumua.