Vibao Kumi na Vinne vya Anti Drieka

Kuanzia Januari mpaka mavuno yaishe, Anti Drieka hapaki mafuta. Hapaki losheni wala hajipulizii manukato, na sabuni yake ni ya kipande, isiyo na harufu. Ngozi inampauka hadi unadhani ametoka kusaga unga. Yeye anasema pua haiwezi kufanya kazi mbili. Mwanangu Jaydin alipokuwa na miezi mitatu, Anti alikuwa akipita kwangu asubuhi kumsalimia, na kabla hajamgusa anauliza, "Umempaka nini leo?" Nikimwambia nimempaka mafuta ya mtoto, anarudisha mikono nyuma. "Basi tutabebana Pasaka, bwana mdogo," anamwambia, halafu anashika njia ya ghalani.

Tunakaa safu moja, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la zabibu, nje kidogo ya Robertson. Mimi nabandika lebo kwenye chupa. Yeye yuko ndani zaidi, kwenye ghala la matangi, mvinyo unakotengenezwa. Alianza kuchuma zabibu akiwa na miaka kumi na minne. Baadaye wakamtia jikoni kwa mwenye shamba. Kisha mwosha mapipa akaumia mgongo, Anti akaombwa ashike nafasi yake kwa wiki moja. Wiki hiyo ina miaka ishirini na sita sasa na bado haijaisha.

Cheo chake kwenye karatasi ni mfanyakazi wa usafi wa ghala. Lakini ukipita pale asubuhi wakati wa mavuno, utamkuta anazungukia matangi yote kumi na manne. Kila tangi anachota kidogo, anatumbukiza kioo cha kupimia sukari kielee, anainama mpaka jicho liwe sawa na mstari, kisha anaandika kwa chaki kwenye kibao kinachoning'inia pale: tarehe, sukari, joto. Halafu anaweka sikio kwenye chuma. Anasema mvinyo unaochacha vizuri unasikika kama mvua ya mbali, na ukianza kuchoka unasikika kama mtu anayenung'unika chini ya blanketi.

Kila baada ya miaka michache huletwa kijana kutoka chuo kikuu. Anafika hajui bomba lipi linaingiza na lipi linatoa. Anti anamshika mkono, anamfundisha, na baada ya mwaka kijana ndiye mkuu wa ghala na Anti anamwita bwana au bibi. Kisha kijana anaondoka. Hannes alikwenda New Zealand. Marlize yuko Cape Town, anahukumu mvinyo wa watu wengine. Sasa tuko na Ruan, na huu ndio msimu wake wa kwanza akiwa mkuu. Siku moja nilimuuliza Anti kama haumii.

"Mimi ni ngazi, Rozelle," alisema. "Umewahi kuona ngazi ikapanda?"

Alicheka. Mimi sikucheka.

Mwezi wa kumi ilitangazwa nafasi ya naibu wa mkuu wa ghala. Ruan alimfuata Anti mwenyewe, kofia mkononi. "Anti, ingekuwa mimi ningekupa leo leo. Lakini ofisi wanataka cheti. Kuna chuo Worcester wanawapa watu waliojifunzia kazini. Hukai darasani, unawaonyesha tu unachojua. Uwe nacho kabla ya mwisho wa Aprili, nafasi itakungoja."

Anti alikuja kwangu na fomu imekunjwa ndani ya leso. Mimi niliishia darasa la saba, yeye la tano, kwa hiyo kati yetu mimi ndiye msomi. Niliisoma kwa sauti nikiwa namnyonyesha Jaydin. Ilitaka kumbukumbu za vipimo za misimu mitatu zenye jina la mwombaji. Kama hakuna, barua za wakuu watatu waliomsimamia, waeleze alichokuwa akifanya.

"Si rahisi hiyo?" nikasema. "Vipimo umeandika miaka ishirini na sita."

Akaanza kuikunja ile leso upya.

"Anti?"

"Kwa chaki, mwanangu."

"Na vibao?"

"Mavuno yakiisha vinafutwa. Vinaoshwa kwa maji ya moto na brashi, visibaki hata alama."

"Nani anaviosha?"

Alinitazama kama mtu aliyekamatwa na sukari mdomoni. "Sasa nani mwingine anajua kuosha hapa?"

Nilimwambia Ruan atafute kwenye kompyuta. Namba zilikuwamo, zote, sawasawa na Anti alivyozipima. Ila juu ya kila ukurasa wa msimu uliopita palikuwa na jina la Ruan, aliyekuwa bado anafundishwa, na misimu ya nyuma jina la Marlize, na kabla yake Hannes. Kompyuta inamjua aliyebonyeza.

Tukabaki na barua. Ruan yuko hapa hapa; wale wawili walioondoka niliwaandikia kwa simu yangu. Marlize aliusoma ujumbe, nikaona tiki zikigeuka bluu, na mpaka leo ni hizo tiki tu. Nilimwandikia mara nne. Mara ya nne niliweka picha ya Anti amesimama kati ya matangi. Bluu.

Hannes alijibu siku hiyo hiyo. Nilikimbia mpaka kwa Anti na simu na mtoto. Huyu Hannes alipata tuzo kwa mvinyo mwekundu ambao Anti ndiye alimwambia autoe kwenye maganda siku mbili kabla ya siku aliyopanga. Shamba zima tunajua. Anti akakaa kitini, akafuta mikono kwenye aproni, akasema, "Haya, soma."

Nikasoma. Drieka ni mchapakazi. Drieka ni mchangamfu, hajawahi kuchelewa, na alikuwa akituletea mkate wa kuchoma makaani kila Ijumaa. Sijapata kuona ghala safi kama alivyoliweka ghala langu. Nampendekeza kwa moyo wote.

"Endelea," alisema Anti.

"Imeishia hapo."

"Hakusema kuhusu sukari?"

"Hapana."

"Wala ule mwekundu?"

"Kasema mkate."

Akaichukua simu akaitazama, ingawa skrini ilikuwa imeshazima. "Na ulikuwa mkate mzuri kweli," alisema.

Mimi nilikwenda nyumbani nikafua nepi kwa hasira mpaka moja ikachanika.

Mavuno yakaisha katikati ya Machi. Siku ya mwisho ndiyo ya kuosha kila kitu, na Anti akaosha mabomba, sakafu, mapipa, hata kizingiti cha mlango. Vibao hakuvigusa. Aliviangua kimoja kimoja, akavibeba nje hadi nyuma ya banda la trekta, akavipanga juani vikiegemea ukuta. Halafu akaja kwenye chumba chetu cha lebo.

"Lile kopo unalopulizia nywele siku ya kanisa, bado lina kitu?"

"Lipo nusu. Anti, na wewe nywele tena?"

"Niletee."

Nililileta, mtoto mgongoni, naye akapulizia vibao vyote kumi na vinne, kwa utaratibu, kama anayepiga pasi nguo za harusi. Chaki ikagandana na mbao. Ndipo Ruan akatokea.

"Anti, vibao vimekwenda wapi? Ijumaa kuna wageni na lazima viwe safi." Akanusa. "Na mbona huku kunanuka saluni?"

"Ndiyo maana nimekuja nje, Bwana Ruan. Ghalani nisingethubutu." Akamnyooshea kipande cha chaki. "Saini hapo chini. Kila kimoja. Andika kuwa nimepima mimi."

Ruan aliona haya kidogo, lakini si mtu mbaya. Akachuchumaa akaanza kusaini. Kwenye kibao cha saba akasimama. Chini ya namba za tarehe tisa Februari, kwa mwandiko wa Anti wa herufi kubwa, palikuwa pameandikwa: UMECHOKA. UPASHE JOTO LEO.

"Tangi lile nililiokoa mimi," alisema polepole. "Niliiambia ofisi. Nilikuja asubuhi nikaona..."

"Uliona," alisema Anti. "Nilikuwa nimekuandikia."

Akasaini, akavimaliza vilivyobaki. Anti akavipulizia tena juu ya saini.

Bi. Mgulwa wa chuo alikuja Jumatano iliyofuata, mama mnene mwenye miwani ya kamba. Alimhoji Anti ghalani saa mbili nzima, nami nilikuwa nasikia kupitia mlango wa chumba cha lebo. Alimuuliza kuhusu hamira na kuhusu ile hewa nzito inayoweza kuua mtu kwenye tangi, na kila swali Anti alilijibu kama anayeulizwa njia ya kwenda nyumbani kwake. Kisha mgeni akapiga picha vibao vyote. Alipomaliza alivua miwani, akamwita Anti kwa jina la ukoo.

"Mama Filander, umefaulu mahojiano yote. Na hivi vibao navikubali, sijawahi kuona kitu kama hiki. Lakini huu ni msimu mmoja."

"Nina ishirini na sita."

"Mimi nakuamini. Fomu ndiyo haina mahali pa kuamini. Nahitaji mitatu. Lete miwili mingine kama hivi, utapata cheti bila swali."

"Mmoja na miwili," alisema Anti. "Mimi nina hamsini na nane. Hapa tunastaafishwa sitini." Akapiga hesabu kwa vidole, taratibu, ingawa hesabu yenyewe haikuhitaji vidole. "Kwa hiyo cheti nitapewa pamoja na ile saa ya ukutani wanayotuagia."

Bi. Mgulwa alisema pole. Alisema kweli, nilimwona. Lakini aliandika alichoandika.

Jioni ile Anti alikuja kwangu ananukia vitunguu na bizari, kwa sababu alikuwa ameanza kupika samaki wa siki wa Pasaka, na amejipaka mafuta mpaka viwiko vinang'aa. Alimchukua Jaydin bila kuuliza nimempaka nini. Alimkumbatia kifuani, akamnusa utosini muda mrefu, macho amefumba. Nilimwekea kahawa, ikapoa.

"Vibao vyangu vitakaa kwako," alisema. "Kwangu bati linavuja."

Sasa viko chini ya kitanda cha mtoto, vimefungwa kwenye shuka. Ruan alilazimika kuagiza vingine kwa fundi seremala, na hakuuliza vile vya zamani vimekwenda wapi.

Nafasi ya naibu alipewa msichana anaitwa Lizanne, ametoka chuo kikuu, akafika wiki ya kwanza ya Mei. Ruan alimkabidhi kwa Anti amwonyeshe kazi. Mlango wangu ulikuwa wazi. Hata baada ya mavuno kuna joto la kupimwa, na Anti akampa kipima joto, kisha akakichukua tena kwa sababu msichana alikishika kichwa chini. Akapima yeye. Akamtajia namba, na Lizanne akaiandika kwenye kibao kipya, akaweka tarehe, akageuka kwenda tangi la pili.

"Rudi," alisema Anti.

"Nimekosea namba?"

"Namba ni sawa. Nani amepima?"

Lizanne akamtazama, akatazama kibao. "Wewe, Anti."

"Basi andika."

"Niandike Anti Drieka?"

"Andika Hendrika Filander. Yote. Na bonyeza chaki vizuri, isipauke."