Chepkirui na Toba ya Dakika Tatu

Kwa miaka kumi na tisa Chepkirui ameoka mkate wa Meza ya Bwana katika kanisa lao la Kiamunyi, nje kidogo ya mji wa Nakuru, na kwa miaka hiyo yote hajapewa hata kipande. Tuseme ukweli, jikoni ameuonja, maana hakuna mpishi asiyeonja, lakini ya jikoni hayahesabiki. Jumapili ya ushirika ikifika, yeye huupanga mkate kwenye sahani, huufunika kwa kitambaa, kisha hurudi benchi la nyuma kabisa kukaa na watoto wasiobatizwa, wasichana waliotengwa kwa sababu ya mimba, na mzee mmoja mlevi ambaye huja kwa ajili ya nyimbo tu.

Kosa lake ni ndoa. Kiptum, aliyekuwa dereva wa trekta katika mashamba ya ngano huko Mau Narok, alimwoa kwa njia ya nyumbani. Wazee wa pande mbili walikaa, koito, yaani sherehe ya posa, ikafanywa, mahari yakakubaliwa, mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu, ikanywewa, bibi harusi akapelekwa kwao bwana. Kanisani hawakwenda. Na kanisa lao, ambalo lina parishi kutoka Lodwar hadi Taita, lina sheria isiyo na mlango wa nyuma: walioana bila pete na cheti cha kanisa wako nje ya Meza.

Si kwamba walikataa. Mwaka mmoja mvua ilikosa, mwaka mwingine mtoto aliingia sekondari, mwaka wa tatu wakahamia Kiamunyi na nyumba haikuwa na mabati. Mwishowe walijiandikisha kwa masomo ya ndoa. Masomo ni sita. Walipofika la nne Kiptum alianza kulalamika tumbo. Harusi ilikuwa iwe Desemba, naye akazikwa Septemba. Ni miaka kumi na mmoja sasa.

Ungedhani kifo kingemaliza kesi. Wapi! Mjane wa ndoa ya namna hiyo hurudishwa Mezani kwa toba tu. Anasimama mbele ya kanisa, anakiri kwamba aliishi na mwanamume katika dhambi, anaombewa, watu wanapiga makofi, yamekwisha. Wajane wengi wamepita hapo na wengine hata hukumbuka siku hiyo kwa furaha. Chepkirui hakusimama. Hakugombana na mtu wala hakuhama kanisa. Kila mwaka mchungaji akimuuliza, na wachungaji wanne wamemuuliza, yeye hujibu kwa upole kwamba bado, halafu huenda kukanda unga.

Mwaka huu mambo yalichacha kwa sababu ya Mkutano Mkuu. Mkutano huo hukaa mara moja kwa miaka mitatu, ndio hutunga na kufuta sheria za kanisa nchi nzima, na safari hii ulikuwa unakuja Nakuru. Wajumbe mia nne! Kiamunyi haikulala. Kanisa lilipakwa rangi, choo kikachimbwa, na kina mama wakaanza kugawana wageni wa kulaza. Hapo ndipo ungeona wokovu ukijaribiwa. Kila mmoja alitaka mgeni wa cheo, wala hakuna aliyejitolea kumchukua mjumbe wa kawaida ambaye pengine hukoroma. Wachuka, kiongozi wa kina mama na rafiki mkubwa wa Chepkirui, alinunua godoro jipya akatangaza kwamba halilali mtu wa chini ya msimamizi wa jimbo.

Lakini kilichomhusu Chepkirui hakikuwa godoro. Parishi yao ilikuwa imeandika hoja ya kupeleka Mkutanoni: kwamba walioana kimila mbele ya wazazi na wazee wao wapokelewe Mezani, na wajane wao wasitakiwe kutubu. Alhamisi moja kamati ilikaa ofisini kuipiga msasa, Chepkirui akiwamiminia chai. Mchungaji Ngigi, kijana wa miaka thelathini na mbili, aliisoma yote kwa sauti. Kisha akauliza nani ataitetea.

"Nikiisema mimi, watasema ni mambo ya vijana wa college," alisema. "Akiisema Mama Wachuka, watauliza yeye anajua nini na alifanya harusi ya keki ngazi tano."

"Zilikuwa saba," Wachuka akasahihisha.

"Inataka mtu ameishi nayo." Mchungaji akageuza kichwa, na wengine wote wakafuata macho yake mpaka kwenye birika.

Chepkirui akaliweka birika mezani. "Mimi si mshiriki kamili, pastor. Hata kura sina."

"Ndiyo maana nataka tukurudishe Jumapili hii. Ni dakika tatu tu, mathe. Ibada ikiisha tunachagua wajumbe, na jina lako linaenda headquarters Jumanne. Wiki mbili zikiisha uko mbele ya watu mia nne, unawaambia ukweli wote."

"Kwa hivyo Jumapili niseme Kiptum alikuwa dhambi, halafu kwa Mkutano niseme hakuwa?"

Mchungaji alijikuna kidevu. Si mtu mbaya, Ngigi. Ana haraka tu, haraka ya mtu ambaye hajazika. "Si ndiyo njia iko, mathe. Ukikataa kupitia hapa, hutafika pale."

Katika kona alikuwepo Mbugua, katibu wa parishi, mzee wa miaka sabini na tatu aliyestaafu ukarani wa mahakama. Huyo alikuwa ameketi na kitabu chake kikubwa cheusi akiandika kila kitu, hata aliyeomba sukari. "Mimi hii hoja napinga," alisema bila kuinua macho. "Sheria zikilegezwa hapa zitalegea kila mahali. Lakini iko kwa ajenda, kwa hivyo endeleeni."

Wachuka alimsindikiza Chepkirui nyumbani mchana ule, akimshika mkono njia nzima. Alimwambia kwamba Kiptum ni marehemu na hasikii tena maneno ya watu. Chepkirui akamjibu, "Lakini mimi nasikia."

Kilichomvunja nguvu ni simu ya binti yake. Chepchumba anafanya kazi katika shamba la maua, anakaa chumba cha kupanga pale Karagita na mwanamume anayeitwa Kigen na watoto wao wawili. Nao walioana kimila. Nao hukaa benchi la nyuma. Alipoelezwa habari ya Jumapili, alisema, "Mum, si useme tu yaishe? Ukisema wewe, labda mimi sitawahi kusema."

Maneno hayo yalimwingia Chepkirui yakakaa. Ijumaa yote alifanya mazoezi. Alisema na ng'ombe wake wawili akiwakamua: niliishi na Kiptum katika dhambi. Alisema akipepeta maharagwe. Mara ya kwanza aliishia katikati, mara ya kumi akayazoea. Lakini kila alipoyasema, Kiptum alikuja na mambo yake madogo. Alimwona akinawa miguu nje kwa baridi ile ya Mau Narok ili asichafue sakafu aliyoikandika mkewe. Alimwona akimpeleka zahanati kwa trekta, yeye ana mimba na homa, Kiptum akiendesha polepole mno hata mbwa wakawapita. Alimpenda mtu yule. Anampenda bado, na si jambo analoona haja ya kulificha.

Pamoja na hayo, alikuwa ameamua kutubu. Niliweke wazi hilo, kwa sababu siku hizi Kiamunyi wanasimulia kana kwamba alikwenda kanisani akiwa amepanga vita. Hakupanga. Jumapili asubuhi alivaa sketi yake ya bluu, akachana nywele, akaenda akiwa na sentensi moja tu kichwani. Alikuwa anakwenda kuisema kwa ajili ya Chepchumba.

Baada ya wimbo wa pili mchungaji alimwita. Chepkirui alitembea kutoka benchi la nyuma hadi mbele, na kanisa zima likageuza shingo. Mbugua alikuwa mezani kwake na kitabu kimefunguliwa. Wachuka alikuwa tayari analia.

"Dada yetu Chepkirui," mchungaji akasoma kutoka kijitabu cha ibada, "je, unakiri na kutubu kwamba uliishi na mwanamume katika dhambi?"

Chepkirui alifungua mdomo kusema maneno aliyokuwa ameyazoea. Hayakutoka. Yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Nakiri nina ulimi mkali," alisema. "Nakiri nilimnunia jirani yangu miaka miwili kwa sababu ya kuku. Nakiri huwa nasinzia watu wakiomba, hasa maombi ya Mama Wachuka." Watu wakacheka kidogo, wakidhani mambo yanakwenda vizuri. "Lakini Kiptum sikumuiba. Nilipewa. Baba yangu alisimama mbele ya watu akasema huyu ndiye mkwe wangu. Mama akalia, ng'ombe wakaja, tukabarikiwa na wazee. Nilimpikia, nikamzalia watoto watatu, nikamlisha na kijiko alipougua. Sikuishi na yeye hata siku moja nikiona haya. Hiyo siwezi kutubu, pastor. Nikitubu hiyo, nitakuwa nimemdanganya Mungu ndani ya nyumba yake."

Mchungaji Ngigi aliangalia kijitabu. Kijitabu kina jibu moja tu la kufuatia swali lile, na halikuwa hilo. Akafungua ukurasa wa pili, akarudi wa kwanza, mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Basi, tuimbe." Wakaimba. Chepkirui akarudi benchi la nyuma, na yule mzee mlevi akamsogezea nafasi.

Ibada ilipokwisha washiriki kamili walibaki kuchagua wajumbe. Wachuka alichaguliwa, pamoja na mchungaji. Chepkirui hakungoja. Alikwenda nyuma ya jiko la kanisa, akaketi kwenye jiwe la kunolea visu, akalia. Hakulia kwa kujuta. Asingeweza kusema vingine, hilo alilijua. Alilia kwa sababu ya binti yake wa Karagita, ambaye jioni ile angepiga simu kuuliza. Angemwambia nini? Kwamba alipewa dakika tatu akazitumia kusema habari za kuku?

Akasikia mtu akikohoa. Alikuwa Mbugua, na kitabu chake cheusi kwapani. Mzee yule akatafuta pa kukaa, akapindua ndoo, akakaa.

"Mama Chepchumba," alisema, "nimekuja kuthibitisha maneno yako."

"Maneno gani tena, Mzee? Si nimeshindwa kutubu?"

"Mtu akiitwa kutubu, anachosema kinaandikwa neno kwa neno. Hiyo ni sheria, na tangu niwe katibu sijairuka. Na kama parishi imeleta hoja, kurasa za kitabu zinazohusu jambo hilo zinaenda na hoja. Zinasomwa kwa Mkutano Mkuu, zote, kabla mtu yeyote ainue mkono kuongea." Alifuta miwani kwa tai yake. "Sheria haijali kama ulitubu ama ulikataa. Uliitwa, ukasimama, ukasema."

Chepkirui akainua kichwa. "Zitasomwa mbele ya wale watu mia nne?"

"Na mimi ndiye nitasoma. Makatibu ndio husoma."

"Na wewe bado unapinga hoja?"

"Napinga kabisa. Nitapiga kura ya hapana kama nitapewa kura." Akafungua kitabu magotini. "Sasa, hapa umesema ng'ombe walikuja. Hukusema wangapi. Wataniuliza."

"Sita."

"Rangi?"

Chepkirui akajifuta macho kwa upindo wa sketi. Alianza na yule mwekundu mwenye baka jeupe usoni, akaja kwa wale weusi watatu waliokuwa ndugu, akaja kwa kijivu aliyekuwa na hasira. Alipofika kwa yule fahali mwenye kilema aliyefichwa katikati ya wenzake ili shangazi wa bibi harusi asimwone, alijikuta anacheka, na hata Mbugua akatabasamu kabla ya kukumbuka cheo chake. Aliandika wote sita. Kisha akasema atasoma kila kitu kutoka mwanzo, naye asahihishe palipo na makosa.

"Jumapili, ibada ya pili," akasoma. "Aliitwa mbele Chepkirui, mke wa marehemu Kiptum, akasema..."

Hapo akasita. Katika kitabu kile, tangu siku ya kwanza alipofika Kiamunyi, ameandikwa Chepkirui binti Kipngeno, jina la babake, kama msichana ambaye hajaondoka nyumbani. Ndivyo sheria inavyotaka. Mbugua aliliangalia lile neno "mke" aliloliandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa wino, mbele ya kanisa zima, huku akikimbizana na sauti ya mwanamke anayesema. Kalamu ilikuwa mkononi. Angeweza kupiga mstari na kutia sahihi pembeni, kama wafanyavyo mahakamani.

Akaifunika kalamu, akaitia mfukoni.

"Kuna kosa hapo, Mama Chepchumba?"

"Hakuna," Chepkirui akasema. "Lakini soma tena."

Akasoma tena.