Mgeni wa Angani Aliyepiga Hodi Miono

Nyie mliokulia huku pwani siku zetu, hebu semeni, tulikuwa na simu sisi? Tulicheza rede mpaka mpira wa soksi ukafumuka, tukala kashata za nazi zinazong'ang'ania meno, na mama akiita mara ya pili ulijua ya tatu inakuja na mwiko. Siku hizi unamwita mtoto mpaka koo linakauka, anakujibu, "Subiri mama, nipo kwenye gemu." Subiri! Mie kwa mama yangu ningethubutu?

Basi nilikuwa darasa la sita pale Saadani, mwalimu wetu wa Kiswahili akatuletea habari za mashindano. Shule zingekutana Miono, kila shule na mtoto wake mmoja, asome hadithi ya kubuni ya sayansi, ya mambo yajayo. Wa kwetu nilichaguliwa mie. Zawadi sikuiwaza hata kidogo. Nilitaka watoto wa Miono wakome, maana kila tulipokwenda kwao kwa michezo waliziba pua tukipita, ati Saadani tunanuka ng'onda, samaki wa kukausha. Na kweli tulinuka, lakini ng'onda hao hao mama zao waliwagombania gulioni.

Nikaandika. Chombo kinashuka kutoka angani, cheupe kama theluji. Anatoka Mtu wa Chuma Namba Saba, anavunja mlango wa nyumba ya watu na kutangaza, "Nimekuja kuitawala dunia!" Nikajiona nimemaliza kazi.

Mwalimu akaniambia nikaisome kwanza mbele ya watu. Nikaenda kwenye chanja, shangazi yangu Zuhura alikokuwa akibanika samaki na shoga yake, Bi Mwanaidi. Shangazi hana dogo. Sijafika mbali akanikata.

"Theluji umeiona wapi, wewe?"

"Kitabuni, shangazi."

"Mie sijaiona. Niambie kitu ninachokijua."

"Na huyo mgeni wako," akadakia Bi Mwanaidi, "kaingia nyumba ya watu bila hodi? Hana mama aliyemlea?"

"Ni mtu wa chuma, bibi."

"Hata awe wa bati! Tena Namba Saba ndiyo jina gani? Ng'ombe wa mnada huyo?"

Wakacheka mpaka moshi ukawapalia. Nikaondoka nalia kwa hasira, nikajibanza nyuma ya nyumba, nikawachukia wote wawili na samaki wao. Hasira ilipopoa nikaanza kujiuliza: kwani kweli, mama yake nani? Swali hilo halikuniacha tena.

Nikampa mtu wangu wa chuma mama, tena mama mwenye wasiwasi, aliyemwambia mwanawe wakati wa kumuaga, "Ukifika kwa watu usitutie aibu." Nikampa jina, Sudi. Nikampa woga, nikampa na njaa. Macho yake mekundu niliyachukua kwa shangazi, jinsi anavyotoka kwenye moshi jioni. Na chombo chake kikameta kama jaruba la chumvi jua la saa sita, mpaka ngiri waliokuwa wakichimbua uwanja wa mpira wakatimka wamesimamisha mikia. Ngiri hao nilikuwa nawaona kila siku nikienda shule.

Siku ya Miono darasa lilijaa, wengine wakachungulia madirishani. Shangazi na Bi Mwanaidi walikuja juu ya lori la chumvi, khanga mpya, wamekaa kama wakwe. Na mstari wa mbele, wale wale, vidole puani tayari. Nikasoma chombo kinavyoshuka, ngiri wanavyokimbia, watu wakacheka. Nikasoma Sudi anavyotembea peke yake kijijini, anasikia harufu ya samaki wa kubanika, anamkumbuka mama yake. Vidole vikaanza kushuka kimoja kimoja. Nikamfikisha mlangoni. Akainua mkono wake wa chuma, akasema taratibu:

"Hodi?"

"Karibuuu!"

Wallahi sikuwa nimepanga. Darasa zima liliitikia, walimu, wazazi, hata majaji, na wale wa mstari wa mbele kwa sauti ya juu kuliko wote. Mtu wa pwani umpigie hodi, atanyamaza vipi? Nilikuwa nimeshinda, na nilijua, kabla majaji hawajatangaza matokeo. Walipoitaja Saadani, shangazi alipiga kigelegele nadhani kilifika Msata. Nje, msichana mmoja wa wale waziba pua alinikimbilia akanishika mkono. "Kwani Sudi alirudi kwa mama yake?" akauliza. Alikuwa na machozi. Nikamwambia alirudi salama, ingawa mwisho huo niliutunga palepale.

Leo nakaa Bagamoyo mjini, na wanangu wana anga nzima ndani ya simu. Huwa naketi nao kutazama. Picha zinang'aa, siwezi kubisha, hadithi yangu isingefua dafu. Wageni wanatua, wanavunja milango, wanachoma miji, na watoto wangu wanatafuna bisi, kila mmoja na vidude vyake masikioni, hakuna anayemjibu mtu. Nawaonea huruma kidogo. Sisi tulikuwa darasa zima, Saadani na Miono kwa sauti moja, tukamkaribisha mtu wa chuma mwenye njaa aingie ndani. Na aliyemleta ni mie.