Konokono niliowatupa juani Dindira kumbe walikuwa wanatafutwa

Wakuu, salaam. Hili limenikuta mwenyewe, sijasimuliwa, na chumvi sitaongeza.

Shule niliacha darasa la sita. Nimelima mahindi ya watu kule Misima, Handeni, kisha nikapanda Dindira kuchuma chai. Ugonjwa wangu ni mmoja: nikiona jiwe lazima nilifunue.

Dindira tunachota maji kijitoni. Siku ya msaragambo kijiji kizima hutoka kusafisha. Wanawake wanafyeka, wanaume tunasugua mawe kwa brashi ya chuma. Konokono tunawakwangua na kuwatupa juani, maana kwetu konokono ni kichocho, basi.

Siku moja akaja dada mtafiti na picha ya konokono mdogo mweusi. Akasema miaka mingi hajaonekana, wengine wanaamini ameshatoweka.

Nikacheka. "Dada, huyo nimemwaga ndoo nzima juzi."

Hakucheka. Alikaa chini kama aliyepewa habari ya msiba.

Tukapanda na kijito siku mbili, tukigeuza mawe na kuyarudisha. (Kuyarudisha nilifundishwa naye. Mimi nilikuwa naacha yamepinduka.) Penye maporomoko, ambako brashi haikuwahi kufika, tukawapata. Saba tu.

Na Jumamosi msaragambo ulikuwa unafika hapohapo.

Tukaenda kwa mama mwenyekiti wa kamati ya maji. Shikamoo, marahaba, nikaeleza.

"Mwanangu alikojoa damu," akasema. "Leo wewe mzururaji unaniletea huruma za konokono?"

Yule dada akaweka bakuli la maji mezani, konokono wawili ndani: mmoja wa maporomoko, mwingine wa dimbwi lililo kando ya kijito, kule chini. Akamgusa wa kwanza kwa kijiti. Konokono akajifungia, ganda likazibwa kwa kifuniko. Wa dimbwini akajikunyata tu, mdomo wa ganda wazi.

"Wa kichocho ni huyu, mama. Hana mlango. Anapenda maji yaliyotulia."

Mama mwenyewe akamgusa yule wa maporomoko, mara tatu.

"Basi mwenye mlango aachwe kwake. Jumamosi wote dimbwini, tulifukie. Na wewe mzururaji utashika jembe mbele yangu!"

Nililishika, wakuu, kwa furaha.

Namshukuru sana yule mama. Kwa uchungu aliokuwa nao, angekataa nisingemlaumu. Nimejifunza kuuliza jina la kitu kabla ya kukitupa.

Je, huko kwenu mnasafishaje vijito? Mwenye la kunisahihisha aseme, nasoma kila komenti.