Milio Nyuma ya Pazia

Fundi Sikio hakuwahi kuwa mtu wa kutulia, lakini asubuhi ile alizidi. Alizunguka meza, akainama, akabonyeza swichi, akainuka. Kompyuta mpya aliyoiunga mwenyewe kipande kwa kipande iliwaka taa, feni zikazunguka, na skrini ikabaki nyeusi tii. Akazima. Akachomoa waya huu, akachomeka ule, akawasha tena. Nyeusi. Akaenda mlangoni kuangalia barabara, utadhani jibu lilikuwa linapita huko, akarudi mbio.

Kwenye benchi alikaa mteja, mchora ramani za nyumba, mwanaume mnene mwenye sauti ya kutoka tumboni. Alikuja kuchukua mashine yake na hakuwa na haraka hata kidogo, jambo lililomkera fundi zaidi. Mteja mwenye hasira angalau unaweza kugombana naye. Huyu alitabasamu tu.

Jina la Sikio hakujipa. Watu walimpa, kwa sababu alikuwa akisimama katikati ya chumba kilichojaa mashine na kunyoosha kidole: ile pale, feni yake inakufa. Na kompyuta mpya ikigoma, hakuhangaika kama mafundi wengine. Alichomeka kwenye ubao mkuu wa ndani ya mashine spika ndogo isiyozidi ukucha, akafumba macho, akasikiliza. Maana ubao huo, ukishindwa kuonyesha kitu kwenye skrini, husema kwa milio. Milio mirefu inayojirudia: ramu, kumbukumbu ya mashine, haijashika. Mmoja mrefu na miwili mifupi: kadi ya picha. Mmoja mfupi peke yake: mambo safi, kanywe chai. Alikuwa akiyatangaza majibu hayo kwa mbwembwe, hata mkewe, ambaye kompyuta hazimhusu, alikwisha kuyashika yote bila kutaka.

Sasa spika ilikuwa imechomekwa, na fundi hakusikia kitu.

Ukweli aliokuwa akiukimbia ni huu: sauti nene bado zilimfikia, lakini nyembamba zilikuwa zimeanza kumhama, kidogo kidogo, tangu mvua za mwisho. Mlio wa simu ulimpita. Mluzi ulimpita. Yeye alilaumu spika. Alikwisha kutupa mbili, akizilaani pamoja na waliozitengeneza, na hii ya tatu alikuwa akiitazama kwa jicho baya. Akubali kwamba tatizo ni yeye? Fundi Sikio asiyesikia? Nani angemletea tena kazi, na wangemwita nani?

Kwa mkewe nako hakukuwa shwari. Mkewe alishona nguo upande wa pili wa pazia lililogawa duka lao, na tangu waoane alikuwa na tabia ya kuimba akiwa kwenye cherehani, kwa sauti nyembamba isiyo na haya. Miezi sasa alikuwa ameacha. Kuongea waliongea, ila wimbo hakuna. Fundi hakuthubutu kuuliza amemkosea nini. Alijipekua, akaungama kimoyomoyo makosa ambayo hata hakuyatenda, akaanza kuwahi kurudi nyumbani na kuosha vyombo bila kuombwa. Wapi! Kimya kilekile.

Akazima, akachomoa kadi ya picha, akairudisha kwa pupa, akawasha. Huko ni kuharibu zaidi na alijua. Miaka yote aliwaambia mafundi wenzake waguse kitu kimoja kwa wakati. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kope.

"Fundi," mteja akasema, "leo umeisikiliza muda mrefu. Inasema nini?"

Kumbe ilikuwa inalia. Muda wote huo ilikuwa inalia, na mteja alidhani yeye anatafakari.

"Inasema... mengi," akajibu.

"Kweli, maana inapiga kelele kama kifaranga aliyepotelewa na mama!"

Upande wa pili cherehani ilisimama. Pazia likafunuka, mkewe akaingia, futi ikiwa shingoni, kama mtu anayetafuta mkasi wake. Akamsalimu mteja vizuri. Kisha akasimama nyuma ya mumewe, akaweka mkono begani kwake kana kwamba anamtoa uzi, na kidole kikaanza kubonyeza. Akabonyeza kwa muda mrefu, akaachia. Tena kwa muda mrefu, akaachia. Tena.

Fundi akageuka kumtazama. Mkewe alikuwa anasoma kalenda ukutani.

Milio mirefu. Ramu. Akazima, akakitoa kijiti cha ramu, akakirudisha polepole mpaka vishikizo vya pembeni vikajifunga. Akawasha. Begani kidole kikabonyeza mara moja kwa muda mrefu, mara mbili harakaharaka. Kadi ya picha, ileile aliyoirudisha kwa pupa. Ilikuwa imekaa upande. Akazima, akaikalisha sawa. Akawasha. Kidole kikagonga mara moja tu, kikatulia, na skrini ikajaa mwanga.

"Sikio ni Sikio!" mteja akacheka. Akabeba mashine yake, akaondoka akimsifu hadi barabarani.

Fundi akachukua ufagio, akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa. Mkewe akamnyang'anya, akamshika kidevu wakatazamana.

"Tangu lini, baba watoto?"

"Tangu lini nini? Spika za siku hizi..."

"Tangu lini husikii?"

Aibu ilimpanda, ikageuka hasira, akalitoa lile alilolificha miezi yote.

"Na wewe je? Uliacha kuimba, ukaninunia, mpaka leo sijui nimekukosea nini. Mimi nimewahi kukuuliza?"

Mkewe hakucheka, ingawa siku nyingine angecheka mpaka akae chini. Akamsogelea zaidi ili kila neno limfikie.

"Mume wangu, mimi sijaacha kuimba. Hata leo nimeimba tangu tufungue duka."

Fundi akatazama pazia, akatazama cherehani nyuma yake. Kisha akavuta benchi, akakaa.