Jina Nililoliruka

Ndani ya Biblia yangu nimehifadhi nakala moja ya karatasi ya mazishi ya mama, ile wanayogawiwa waombolezaji wakifika, yenye picha mbele na wasifu ndani. Niliiandika mwenyewe na kuichapisha mjini Salama, ninakoishi tangu nistaafu ualimu. Wasifu wa kwetu huanza kwa njia moja: marehemu alikuwa binti wa fulani na fulani. Wa mama unataja mama yake, kisha nukta. Baba hayupo. Watu walisoma wakaikunja kwa adabu, nami nikasimama mbele yao na aibu ya mtu mzima aliyetumwa kitu kimoja akarudi mikono mitupu.

Kutumwa nilitumwa kweli. Miaka mitatu kabla ya hapo mama aliniita nyumbani Mbooni, akanikalisha barazani, akaniambia anataka kujua jina la baba yake kabla hajafa. Alizaliwa Kitui. Mama yake alipofariki yeye alikuwa mtoto mdogo, na mjomba wake aliyekuwa amehamia Kikima, huko huko Mbooni, akamchukua akamlea Kikristo. Kila alipouliza habari za baba, mjomba alimjibu kwamba ya Kitui yalibaki Kitui. Sisi Wakamba huwapa watoto majina ya wazee wetu. Ilipofika zamu ya baba yake mama, na zamu hiyo nilikuwa mimi, mama hakuwa na jina la kunipa. Mchungaji alinitafutia moja kwenye Biblia.

"Nilikupa jina la mgeni," mama aliniambia siku hiyo. "Nitafutie baba yangu, mwana wakwa. Hata kama alikuwa mlevi, niletee tu jina."

Alichokumbuka cha Kitui kilikuwa kimoja tu. Alimkumbuka mwanamke mzee mwenye meno yaliyochongwa, aliyekuwa akimbeba mgongoni na kuwaambia wapita njia, "Huyu ni wangu." Nilimwambia huenda alikuwa jirani. Mama hakuacha kuchambua maharagwe yake.

"Jirani hasemi hivyo," alisema.

Nilianza na sensa, kwa ujinga wangu. Kijana wa ofisini alinieleza kwa upole kwamba sensa inahesabu watu na haimtolei mtu majina ya babu zake. Ndipo nikaenda Kitui, kwenye kanisa la zamani la misheni, na karani akanifungulia kabati la vitabu. Alikuwa mzee kuliko mimi, mkimya. Alinionyesha meza, kisha akaketi mlangoni na ungo wa mbaazi akawa anamenya. Kulikuwa na kitabu cha ubatizo, kitabu cha maziko, na daftari ambamo wamisheni waliandika watu wa kila boma, mwenye boma kwanza.

Mama nilimpata kabla ya saa sita. Jina lake, jina la mama yake, kijiji, vyote sawasawa. Kwenye safu ya baba palikuwa na jina la mwanamke.

Nilicheka, na hilo ndilo linaloniuma. Nimekula chaki miaka thelathini nikisahihisha kazi za watoto wa watu, na jicho langu huona kosa kabla ya kitu kingine chochote. Nikajisemea kwamba karani wa siku hizo alisinzia akaruka mstari. Hata nilipoliona jina lile lile kwenye daftari la maboma, limeandikwa juu kabisa, nilisema ni mjane fulani mwenye jina kama hilo. Nikapiga picha kwa simu, nikamshukuru mzee wa mbaazi, nikaondoka. Sikumuuliza lolote. Mtu mwenye jibu alikuwa hatua tatu kutoka nilipoketi, na mimi nilikuwa na haraka ya kutafuta kitabu kisicho na makosa.

Mama alinisubiri barazani amevaa kitambaa chake cha kanisa, kana kwamba ninaleta mgeni. Nilimsomea ukurasa ule kwenye simu, pole pole. Aliposikia jina la mama yake aliitikia kwa kichwa.

"Na baba?"

"Baba hawakuandika, mwaitu."

Hivyo ndivyo nilivyomjibu. Niliona haya kumletea makosa ya karani, nikadhani ninamwondolea usumbufu. Akasema basi, niendelee kutafuta. Nikaendelea miaka miwili. Niligonga milango ya parokia nyingine, nikafukua vitabu vilivyoliwa na mchwa, nikimtafuta mwanamume. Kila niliporudi aliniuliza, na kila mara nilikuwa na habari nyingi za barabara na hakuna habari ya baba. Mwaka wa pili aliacha kuuliza. Alikuwa akinikaribisha chai tu.

Baada ya mazishi nilirudi Kitui, nadhani kwa hasira. Nilitaka mtu wa kumlaumu. Nilimwekea karani kitabu mapajani, nikamwambia kanisa lake liliharibu rekodi na mama yangu amezikwa bila baba kwa sababu ya mtu mmoja mzembe. Aliusoma ule mstari kwa kidole, bila kuharakisha.

"Hii si makosa, mwalimu," alisema. "Huyu mama alioa."

Nilikaa chini.

"Wewe si Mkamba?" aliniuliza. "Mwanamke akikosa watoto alikuwa anatoa mahari, analeta msichana, msichana anazalia hiyo boma. Huyo si ni iweto? Sasa hapa kwa baba, ungetaka waandike nani?"

"Na mwanamume aliyemzaa?"

"Huyo nani alimuuliza?"

Iweto ni neno nililolijua tangu utotoni. Sikuhitaji kufundishwa. Lakini kwetu kanisani lilitajwa kwa sauti ya chini, kama jambo la watu wasiookoka, na haikunipitia akilini kwamba lingekuwa la nyumbani kwetu. Nilielewa pia kwa nini mjomba alifunga mdomo. Tulifungua kitabu cha maziko. Yule mwanamke alizikwa kwanza, na bibi yangu akamfuata msimu huo huo. Boma likafungwa, mtoto akachukuliwa akapelekwa Kikima kuokolewa.

Kwa hiyo mama hakuwa na baba aliyemtupa. Alikuwa na mtu aliyetoa ng'ombe wake ili azaliwe, akambeba mgongoni, akamtangazia kila mpita njia. Huyo mama alimkumbuka mwenyewe, akaniambia, nami nikamwambia ni jirani. Jina lake lilikaa kwenye simu yangu miaka miwili, mfukoni, nikinywa chai ya mama. Ningelisoma mara moja tu, hata kwa kulicheka, mama angelitambua. Ninajua angelitambua.

Mwezi uliopita, miezi mitano baada ya mazishi, karani wa kanisa letu Mbooni aliniita tukamilishe rekodi ya maziko ya mama. Ni msichana mwerevu, mwandiko wake mzuri. Alifika kwenye safu ya baba, nikamtajia jina. Kalamu ilisimama.

"Lakini hili ni la mwanamke, mwalimu. Si watu watafikiria nimekosea?"

"Watafikiria," nilisema. "Andika."

Aliandika. Nilimwomba anisomee mstari mzima kwa sauti, na akausoma vizuri, jina la mama kwanza, kisha lile lingine. Dirisha lilikuwa wazi. Kutoka pale hadi kaburini kwa mama kuna mteremko wa dakika kumi, na nilikuwa nimechelewa kwa miezi mitano.